Alama ya 18 Haivuki Mto Tana

Walaal, nikuulize kitu. Mara ya mwisho ulipoingia kibanda cha video hapa Garissa, kuna mtu alikuuliza una miaka mingapi?

Mimi sijawahi kuulizwa, tangu nikiwa darasa la nne. Na juzi niliingia kimoja baada ya asr, nikimtafuta kijana tuliyekuwa na kazi naye. Ndani giza, joto, feni moja inayolia kuliko inavyozunguka. Benchi la mbele wamekaa watoto wanne, mmoja bado ana kofia ya duksi kichwani. Huyo nilimkadiria miaka 9, ukimpendelea sana 10. Kwenye skrini mtu anachinjwa, damu inaruka, na anayesimulia kwa Kiswahili anatia matusi yake ambayo kwenye filamu yenyewe hata hayamo. Mwenye kibanda aliniuliza swali moja tu: unaingia ama unaziba mlango?

Sasa nenda Nairobi, kwenye ukumbi wa sinema ndani ya jumba la maduka. Kila filamu ina alama yake: GE ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, halafu 16, halafu 18. Alama hizo zinatoka kwa bodi ya kuainisha filamu, KFCB. Sheria ni moja nchi nzima. Lakini alama inayomlinda mtoto wa Westlands haivuki daraja la Tana. Kwetu filamu inaingia ndani ya fleshi, imeshanakiliwa mara sijui ngapi, haina bango wala alama. Filamu ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kisomali, hata jina lake la asili hulijui. Hiyo sauti mpya nani ameiainisha?

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama alama za umri ni za haki, namuuliza kwanza: za haki kwa mtoto yupi?

Na usidhani huko zilikoanzia ziko sawa. The King's Speech ya 2010 ni hadithi ya mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi. Marekani waliipa R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mtu mzima wa kumsimamia. Kosa lake nini? Matusi, pale mfalme anapofundishwa kutoa maneno. Uingereza wenyewe, wenye mfalme wao, waliipa 12A. Halafu chukua Captain Phillips ya 2013. Vijana watatu wa Kisomali wanapigwa risasi kwa wakati mmoja ndani ya boti na damu inamrukia nahodha. Hiyo Marekani ni PG-13. Mzazi anaonywa, lakini mtoto hazuiwi mlangoni.

Tusi la mfalme limekuwa zito kuliko roho za Wasomali watatu. Nimeipiga hii hesabu mara nyingi, wallahi haiingii akilini.

Barkhad Abdi, yule yule wa Captain Phillips, yumo pia kwenye Eye in the Sky ya 2015. Hadithi yake iko Eastleigh, ingawa ilipigwa Afrika Kusini: ndege isiyo na rubani, kombora, na msichana mdogo anayeuza mkate karibu na nyumba inayolengwa. Hiyo Marekani ikapewa R, Uingereza 15. Wataalamu wao watasema ni kwa sababu ya picha za majeraha na lugha. Sawa. Lakini mtoto wa Kimarekani anayechukua filamu hizi mbili anajifunza nini? Msomali akifa akiwa mhalifu, njoo utazame. Msichana wa Kiislamu akifa bila hatia, hiyo ni ya wakubwa.

Turudi nyumbani. Januari 2014 KFCB ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street. Aprili 2018 ikapiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Wengi wetu tulishangilia. Mimi pia niliisambaza ile habari, tena kwa furaha. Ile filamu sijaiona, sitaiona, na sikuambii uitazame. Lakini angalia kilichofuata. Septemba mwaka huo huo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku 7 ili filamu iweze kupelekwa kwenye mashindano ya Oscar, na ikaruhusiwa kwa watu wazima tu. Yaani mahakama ilitumia kitu ambacho bodi ilikuwa nacho mkononi siku zote: 18.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kubadili mawazo. Alama ya 18 inamlinda mtoto. Marufuku inamwambia mtu mzima hawezi kujichagulia. Bodi ikizichanganya hizo mbili, siku itakaposema jambo la maana kuhusu watoto nani ataisikiliza? Mapenzi yanafutwa kabisa hata kwa mzee wa miaka 60, na huku kuchinjana kunapita alasiri mbele ya mtoto wa duksi. Mbona?

Utaniambia, si wanatetea maadili yetu? Soma sheria yenyewe, walaal. Ni Sura ya 222, ilitungwa 1962, mkoloni bado yuko Nairobi. Inairuhusu bodi kukataa filamu inayovuruga amani au kukiuka adabu, au kwa sababu nyingine yoyote ambayo bodi inaona ni kinyume cha maslahi ya umma.

Sababu nyingine yoyote. Muulize babu yako maneno ya namna hiyo yalimfanyia nini. Hali ya hatari ilitangazwa huku kwetu Desemba 1963 na haikuondolewa hadi 1991. Miaka karibu 28 watu wetu walitawaliwa kwa sheria ambazo wenzao wa Nakuru hawakuzijua, na kila siku sababu ilikuwa hiyo hiyo, usalama na maslahi ya umma. Leo tunaupigia makofi mlango huo kwa sababu aliyefungiwa si sisi. Kesho kijana wa Wajir akitengeneza filamu ya Wagalla, mtu afisini aseme inavuruga amani, utamjibu nini? Ulishakubali.

Na ipo filamu moja nataka uifikirie. Watu Wote, ya 2017, iliyofika hadi kuteuliwa kwa Oscar 2018. Inatokana na lile basi la Mandera la Desemba 2015, Waislamu walipokataa kutenganishwa na abiria Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Filamu ina bunduki, ina hofu, ina damu. Ukihesabu risasi peke yake, utaitia kapu moja na ile takataka ya kibandani. Mimi mdogo wangu wa miaka 13 ningemkalisha aitazame, nami nikiwa pembeni. Shule yako iliwahi kuionyesha?

Kwa hivyo namba tupu haitoshi. Bodi ikitoa 16 au 18, iandike sababu, iiweke hadharani, kwa Kiswahili na kwa Kisomali pia, hooyo azisome au asomewe. Kama filamu inamchora kila mwenye kanzu kuwa gaidi, onyo liseme hivyo, kama linavyosema kuna pombe au uchi. Lile neno la "sababu nyingine yoyote" litolewe kwenye sheria. Wenye vibanda nao wasitembelewe na polisi wa kuchukua kitu kidogo na kuondoka. Wapewe leseni kwa bei wanayoiweza, na saa za watoto zijulikane, kama runinga zinavyotakiwa kuweka vipindi vya watu wazima baada ya saa nne usiku.

Wiki hii ingia kibanda cha mtaani kwenu, saa kumi alasiri. Usigombane na mtu. Hesabu watoto, andika filamu iliyokuwa ikionyeshwa, utuletee. Tukienda kuonana na bodi tunataka twende na hesabu ya Garissa, Wajir na Mandera mkononi.