Kwa wapenzi wa jinsia moja Mlima Kenya, nyumba ipo lakini mtaa haupo

MTU anayehamia Nyeri, Nanyuki au Meru kikazi huuliza mambo matatu kabla ya kulipia nyumba: kodi ni kiasi gani, maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na usalama wa mtaa ukoje. Kwa wapenzi wawili wa jinsia moja wanaohama pamoja, swali la tatu humeza yale mengine. Wao hawahofii wezi pekee. Hutaka kujua ni nani atakayekuwa akihesabu wageni wao langoni, na itakuwaje siku jirani atakapogundua kwamba wale “ndugu wawili” wa nyumba ya tatu si ndugu.

Jibu la swali hilo si jina la mtaa. Mjini Cape Town, katika nchi iliyoruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2006, mgeni anaweza kuelekezwa hadi mtaa wa De Waterkant na kuambiwa kwamba huko hatasumbuliwa. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya hakuna mtaa wa aina hiyo. Kilichopo ni viwango mbalimbali vya kutojulikana, na anayetafuta nyumba huwa anapima kiwango hicho kuliko anavyopima ukubwa wa sebule.

Kutojulikana ni bidhaa adimu katika miji midogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi. Kaunti nzima ya Nyeri, pamoja na vijiji vyake, ilikuwa na watu 759,164. Nairobi mtu anaweza kuishi ghorofa ya nne kwa miaka mitano bila kulijua jina la aliye ghorofa ya tatu. King’ong’o, Kamakwa au Ruring’u, mama wa kibanda cha mboga hujua ni nani aliyehamia, alitoka wapi na anafanya kazi gani kabla ya mwezi kwisha.

Miji hii pia haifanani. Nanyuki imezoea wageni: wanajeshi wa Uingereza wanaofanyia mazoezi Laikipia, watalii wanaoupanda mlima na wafanyakazi wa mashamba makubwa ya mifugo. Nyeri na Karatina zina vyuo vikuu, na pembezoni mwake vijana wawili kugawana chumba ili wasaidiane kodi ni jambo la kila siku lisilozua maswali. Lakini kuzoea wageni si kuwakubali. Pazia la uanafunzi nalo lina muda wake. Mwanamume akishapita miaka 30, swali la mke yuko wapi huulizwa kanisani, kinyozini na kwenye mkutano wa chama.

Zaidi ya hayo, ujirani katika eneo hili umejengwa juu ya kujuana. Jumuiya ndogo za Kanisa Katoliki husali nyumba kwa nyumba, na zamu ya kila familia hufika. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa na serikali mwaka 2013 kukabili uhalifu, unamtaka kila mkazi amfahamu jirani yake. Mambo hayo mawili yamewasaidia wengi, wakiwemo wajane na wagonjwa. Kwa anayelazimika kuficha maisha ya nyumbani kwake, ni macho mawili zaidi dirishani.

Anayeshika ufunguo wa yote ni mwenye ploti. Mara nyingi ni mstaafu aliyejenga kwa akiba au mkopo wa chama cha ushirika, na pengine anaishi katika ua huo huo. Si lazima awe mtu wa chuki. Anaogopa kusemwa kanisani, anaogopa wapangaji wengine wasihame, na anaogopa polisi. Basi uvumi ukimfikia, hamfukuzi mpangaji kwa kumtajia sababu. Humwambia kwamba nyumba inatakiwa ikarabatiwe, au kwamba kijana wake anarudi kutoka Nairobi na ataihitaji.

Mpangaji huyo ana kinga ndogo. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, humlinda anayeishi katika nyumba ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za mijini zilikipita zamani. Wengine hutegemea mkataba, na wengi hawana mkataba wa maandishi.

Hapo ndipo sheria za nchi zinapokuwa na nyuso mbili. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa wakoloni, kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo la ngono “kinyume cha maumbile”. Kinaadhibu tendo, wala hakisemi kwamba watu wawili wa jinsia moja wasipange nyumba pamoja. Hata hivyo, Mahakama Kuu ilipokataa kukifuta mnamo Mei 24, 2019, ilisema kwamba kukiondoa kungefungua mlango wa miungano isiyolingana na Ibara ya 45 ya Katiba, inayotaja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Kwa maneno mengine, kuishi pamoja kuliwekwa kwenye mizani ingawa hakukuwa kosa.

Mnamo Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wenye uso mwingine. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba tume ya kutetea haki za mashoga na wasagaji ilinyimwa usajili kinyume cha Katiba, na kwamba neno jinsia katika Ibara ya 27 linajumuisha mwelekeo wa kimapenzi. Ibara hiyo haiifungi serikali peke yake. Inamkataza pia mtu binafsi kumbagua mwenzake. Kwa kuisoma hivyo, mpangaji anayefurushwa kwa sababu hiyo pekee ana hoja ya kupeleka kortini. Asicho nacho ni ujasiri wa kusimama hadharani na kuitetea, kwa maana ushahidi wake wa kubaguliwa unaweza kuwa pia mwanzo wa kushtakiwa.

Jirani Uganda imeonyesha jinsi hofu ya mwenye nyumba inavyoweza kugeuzwa kuwa sheria. Sheria iliyotiwa saini huko mwaka 2023 iliweka adhabu kwa mtu anayeruhusu jengo lake kutumiwa kwa mapenzi ya jinsia moja, na wapangaji wakajikuta nje. Mahakama ya Kikatiba ilifuta kifungu hicho Aprili 3, 2024, huku ikiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo. Wanaotaka Kenya iongeze makali ya adhabu zake wangefaa kuitazama sehemu hiyo, kwa sababu inamfanya kila mwenye ploti kuwa askari bila mshahara.

Lakini si kila hatari hupita kwa mwenye nyumba. Aprili 2022, Sheila Lumumba, mfanyakazi wa hoteli mwenye umri wa miaka 25, alikosa kufika kazini mjini Karatina. Alipotafutwa, alipatikana ameuawa katika nyumba alimokuwa akiishi. Mashirika ya kutetea haki yaliwashinikiza polisi, yakiamini kwamba alilengwa kwa sababu ya jinsi alivyokuwa. Baadaye mshtakiwa mmoja alipatikana na hatia na kufungwa miaka 30. Kesi hiyo iliendeshwa hadi mwisho kwa sababu jamaa, wenzake na wanaharakati hawakunyamaza. Wengi wanaopigwa au kutozwa pesa ili siri yao isitolewe hawafiki hata kwenye meza ya polisi.

Wanaotetea hali ilivyo husema kwamba jambo hili ni geni katika nyanda hizi. Jomo Kenyatta mwenyewe aliandika hivyo kuhusu Wagikuyu mwaka 1938. Ni kweli kwamba makanisa na familia nyingi za eneo hili zinalipinga kwa dhati, na imani yao haiwezi kupuuzwa. Ila watu hao si wageni waliotoka mbali. Oktoba 2009, wanaume wawili Wakenya walipofunga muungano wao London, waliosumbuliwa walikuwa wazazi wao vijijini Murang’a, ambao hawakuwa wamefunga ndoa na yeyote huko. Aliyehamia ng’ambo alipata mtaa, aliyebaki nyumbani akalipa gharama.

Kwa hiyo, mtaa salama hautaletwa na wajenzi wa nyumba za kifahari. Anayehama leo hufanya hesabu ya kale: lango lisilo na msimamizi mdadisi, nyumba yenye vyumba viwili vya kulala ili maelezo yapatikane, mkataba wa maandishi, na rafiki mmoja mjini anayejua ukweli na atakayebisha hodi akikosa kuonekana kwa siku mbili.

Ulinzi huo wa rafiki mmoja haupaswi kuwa ndio wote. Mkazi wa Nyeri anaweza kuendelea kuamini kwamba ndoa ni ya mume na mke, na bado akubali kwamba mpangaji anayelipa kodi yake asipigwe, na kwamba afisa wa zamu aandike ripoti yake bila kumuuliza analala na nani. Hilo halihitaji mtu abadilishe imani yake. Linahitaji kituo cha polisi ambacho mtu aliyejeruhiwa anaweza kuingia bila kuhofia kwamba atakayefungiwa ni yeye.