Kinyonga wa Nyuma ya Kanisa



Wapendwa Taifa la Mungu, juma lililopita tuliwakuta watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wakimpiga mawe kinyonga nyuma ya kanisa. Tulipowauliza sababu, mzazi mmoja aliyesimama kando aliwajibia: kinyonga ni najisi, Maandiko yamesema. Ni kweli, Kitabu cha Walawi, sura ya 11, humtaja yeye na mijusi wengine miongoni mwa najisi. Lakini mstari wa 31 waeleza kwamba atakayekuwa najisi ni yule amgusaye akiwa amekwisha kufa. Basi, kwa sheria hiyo hiyo, aliyejitafutia unajisi siku ile ni mwenye jiwe.

Yafaa tumfahamu jirani tunayemchukia. Katika misitu ya Usambara Mashariki, hapa juu yetu, wamo vinyonga wa namna nyingi: yupo yule ambaye dume lake lina pembe tatu, na yupo mdogo wa kahawia, anayefanana na jani kavu. Hakuna hata mmoja mwenye sumu. Mchana hunasa panzi na nzi kwa ulimi unaofika mbali kuliko urefu wa mwili wake. Naye huwa chakula cha nyoka wa mitini na cha ndege. Usiku hulala kwenye ncha za matawi, rangi yake imepauka, hata mwenye tochi humchuma kama tunda. Ndivyo walivyochumwa miaka mingi wakauzwa Ulaya na Marekani, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Hata hivyo tusiwatupie wafanyabiashara lawama zote. Baadhi ya vinyonga hawa hawapatikani kwingine duniani. Msitu ukifyekwa, hawana pa kuhamia. Na panga linalofyeka mara nyingi ni letu.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kisipotufaa sisi. Nasi mapadre tuliusoma, tukaurudisha kabatini. Mimbarini kwetu kinyonga hutajwa tu tunapomsema mnafiki! Kosa hilo twalikiri.

Watoto wale tumewapa kazi: wamtafute kinyonga mwingine, wamtazame bila kumgusa, na Jumamosi waje kutueleza amekula nini. Wazazi, tafadhali msiwazuie.