Msuli wa Wamarekani na kadi ya gari ya babu

Hapa chuoni ukisikia mtu anasema "leo napiga msuli," unajua anakwenda kukesha maktaba. Wamarekani nao wana msuli wao, na ndio uliotuletea ubishi rumu kwetu, jioni moja ambayo bumu lilikuwa bado halijaingia na chakula cha usiku kilikuwa chai na andazi moja moja.

Mshkaji wetu mmoja alikuwa anaangalia kwenye simu video ya mnada wa magari ya zamani kule Marekani. Gari lenyewe ni Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971, rangi ya bluu, paa lake la turubai la kukunja. Mnada ulifanyika Seattle, Juni 2014. Dalali anapiga kelele, watu wanapandisha bei, mwisho nyundo ikagonga kwenye dola milioni 3.5. Rumu nzima kimya. Halafu mmoja akauliza: "Gari la sabini na moja? Si skrepa hilo jamani?" Tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Na mimi nilicheka. Ila kicheko changu kilikatikia njiani, na sababu nitaisema huko mbele. Kwanza niseme msimamo wangu wazi: wanaonunua magari yale hawajachanganyikiwa wote, na sisi tunaowacheka tuna kitu cha kujifunza kwao. Kukaa na mabilioni gereji hakutuhusu. Kinachotuhusu ni namna wanavyojua kitu kina thamani gani, na wanavyoweza kuithibitisha.

Tuanze na gari lenyewe. Magari ya msuli yalishika kasi Marekani kuanzia 1964, pale Pontiac walipochukua gari la kawaida la ukubwa wa kati wakalipachika injini kubwa ya V8 na kuliita GTO. Vijana wakapagawa, na kampuni nyingine zikafuata. Chrysler, wenye Plymouth, walikuwa na injini waliyoiita Hemi, kwa sababu chumba chake cha kuchomea mafuta kina umbo la nusu tufe. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano, na mwaka 1964 Richard Petty aliitumia kushinda Daytona 500. Baadaye ikawekwa kwenye magari ya barabarani: ujazo wa lita 7, nguvu farasi 425 kwa karatasi za kiwanda. Ile IST inayokupeleka mjini ina cc 1,300. Hapo unaongelea injini ya ukubwa wa IST tano na zaidi, ndani ya boneti moja.

Sasa swali la msingi: kwa nini hilo la bluu ni adimu? Wengi watajibu kwamba lilikuwa la kifahari sana, kiwanda kikatengeneza machache makusudi. Hapana. Yalikuwa machache kwa sababu watu hawakuyataka.

Fikiria wewe ni kijana wa Detroit mwaka 1971. Hemi peke yake inakuongezea zaidi ya dola 800 juu ya gari la dola elfu tatu na kitu. Kampuni za bima zimeshashtuka, zinawatoza vijana wenye magari ya nguvu fedha za kuumiza. Sheria ya hewa safi ya 1970 inazibana injini kubwa. Na wewe unayependa mbio unajua gari lisilo na paa la chuma bodi yake hunepa, na uzito wake huongezeka kwa vyuma vya kuikazia. Kwa hiyo mpenda mbio alinunua lenye paa, na mpenda upepo alinunua lisilo na paa lenye injini ndogo. Aliyetaka vyote viwili alikuwa mtu wa peke yake. Mwaka 1970 Hemi 'Cuda za paa la kukunja zilitoka 14. Mwaka 1971, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, zilitoka 11. Pontiac nao, GTO yao iitwayo Judge ya paa la kukunja ya mwaka huo huo 1971, ilitengenezwa 17 tu. Mwaka 1973 Waarabu walipozuia mafuta kwenda Marekani, gari linalokunywa namna ile likawa mzigo. Aprili 1974 Barracuda yenyewe ikaacha kutengenezwa.

Kwa hiyo uadimu ule ulizaliwa na kudodesha. Hakuna aliyeupanga.

Mwaka wa kwanza tunafundishwa mahitaji na ugavi, tunachora mistari miwili inakatana, tunapewa maksi, tunasahau. Gari hili linakuonyesha kitu ambacho ule mchoro hausemi: ugavi wa 1971 umefungwa milele, lakini mahitaji yalikuja miaka mingi baadaye, pale vijana walioshindwa kulinunua walipokuwa wazee wenye pesa.

Twende kwenye kilichonikata kicheko. Ukiwa na dola milioni tatu mkononi, utajuaje kwamba Hemi 'Cuda unayoonyeshwa ni Hemi 'Cuda kweli? Maana Barracuda za paa la kukunja zenye injini ndogo zilikuwa nyingi zaidi, na fundi mzuri anaweza kung'oa injini ndogo, akaweka Hemi, akapiga rangi, akabandika nembo. Kwa macho, hutofautishi.

Jibu liko kwenye namba. Gari halisi la 1971 namba yake ya utambulisho huanza na BS27R1B. B ya kwanza ni Barracuda. S ni daraja la gari. 27 ni paa la kukunja. R ndiyo injini ya Hemi. 1 ni mwaka 1971. B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, pale Michigan. Herufi moja tu ikiwa nyingine, mamilioni yameyeyuka. Kisha wanaangalia kama sehemu ya namba hiyo imegongwa kwenye injini na kwenye giaboksi, kuthibitisha kwamba vilizaliwa pamoja. Kuna kibati kidogo chini ya boneti chenye alama za rangi, viti na vikorombwezo vyote vilivyoagizwa. Na kuna karatasi, karatasi ya kawaida kabisa, ambayo mafundi wa kiwandani walikuwa wakiisoma ili wajue gari hilo lifungwe nini. Kazi ikiisha ilikuwa haina maana tena, kwa hiyo nyingine ziliachwa kwenye springi za kiti. Leo mtu akifungua kiti cha zamani akaikuta imechanika nusu, anaishika kama hirizi.

Magari mawili yanaweza kufanana mpaka bolti ya mwisho, moja likauzwa mamilioni na jingine likapata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tofauti yao ni ushahidi. Hata ukarabati nao una mipaka: rangi ya kiwandani iliyofifia lakini haijaguswa, kwa wengi ina heshima kuliko rangi mpya inayong'aa, kwa sababu ukishaikwangua huirudishi tena.

Najua pingamizi. Mshkaji wangu wa kitanda cha juu alinipa zote usiku ule. Ya kwanza: "Hizo ni bei za watu wenye pesa za kuchezea." Kuna ukweli. Mwaka 2021, kwenye mnada wa Indianapolis, gari la aina hiyo hiyo lilifikishiwa dola milioni 4.8 na mwenyewe akakataa kuuza. Sasa thamani yake ni ipi? Ile aliyoikataa? Bei ya mnada ni watu wawili wenye hamu siku moja. Mmoja akikosa ndege, bei inashuka. Na baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, bei za magari haya ziliporomoka kama za nyumba.

Ya pili ina uzito zaidi: "Wakifa hao wazee, nani atayataka?" Sijui mtu mwenye jibu la uhakika, lakini dalili zinaonekana. Wakusanyaji wa umri mdogo wanakimbilia magari ya Kijapani ya miaka ya tisini, Supra na Skyline, kwa sababu ndiyo waliyoyaota wakiwa shule. Kila kizazi hununua ujana wake.

Ndiyo maana simshauri mtu yeyote atunze kitu kwa kutegemea kutajirika. Yaliyowakuta walionunua Cadillac Eldorado ya 1976 yanatosha. Cadillac walitangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho ya paa la kukunja Marekani. Watu wakazinunua mbio mbio, wengine wakazifungia gereji bila kuziendesha wakisubiri utajiri. Lakini mwaka huo zilitengenezwa kama 14,000, na kila mtu alikuwa ametunza ya kwake. Mwaka 1982 Chrysler wakarudisha magari ya paa la kukunja, na kwa mwaka 1984 Cadillac wenyewe wakaleta Eldorado mpya isiyo na paa. Baadhi ya wanunuzi wa 1976 walikwenda mahakamani kwa hasira. Kitu kinachotunzwa na wote kwa sababu kitakuwa adimu, hakiwi adimu.

Sasa kilichonikata kicheko. Babu yangu alikuwa na Peugeot 404. Kwa wasiojua, hiyo si gari ya kubeza kwetu. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na mbili kati ya hizo aliendesha Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Dar es Salaam. Babu aliinunua mkononi kwa mtu, akaitumia kubebea mahindi, maharusi na wagonjwa. Ilipokufa ikakaa chini ya mwembe, kuku wakataga ndani. Alipofariki, wajomba wakawaita wanunuzi wa chuma chakavu, ikapimwa kwa kilo. Sanduku lake la karatasi, lenye kadi ya gari, risiti za vipuri na picha za safari, lilichomwa siku ya kusafisha nyumba. Mimi nilikuwepo. Ndiye niliyeleta kiberiti.

Sisemi 404 ile ingeuzwa mamilioni. Huenda isingeuzwa kitu. Ninachosema ni kwamba hatukujiuliza hata swali. Jirani zetu Nairobi wana mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, na mtu anasifiwa hadharani kwa kulitunza gari la marehemu baba yake. Kwetu gari likizeeka tunajua mambo mawili tu: ushuru wa uchakavu na mnunuzi wa skrepa.

Na jambo hili haliishii kwenye magari. Ni kamera ya mpiga picha wa mtaani, ni santuri za bendi, ni daftari za chama cha ushirika, ni barua za bibi. Leo havina soko, kama Hemi 'Cuda ilivyokosa mnunuzi mwaka 1971. Vingi vitabaki bila soko, na sawa tu. Lakini kesho mwenzetu wa idara ya historia anapotafuta chanzo cha kuandikia tasnifu yake, anaambulia majivu, halafu tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na halihitaji bumu. Likizo hii ukifika nyumbani, kabla hujaombwa kusaidia kusafisha stoo, fungua lile sanduku. Muulize bibi gari la kwenye picha lilikuwa la nani, lilinunuliwa lini, nani aliliendesha. Andika nyuma ya picha kwa penseli: jina, mwaka, mahali. Kadi ya gari, hata ya gari lililokwishakufa, iweke kwenye bahasha.

Mshkaji wa kitanda cha juu bado anasema yale ni skrepa. Ila juzi nilimsikia anampigia simu mama yake, anaulizia namba za pikipiki ya marehemu baba yake.