Barazani Petu: Elimu ya Bure Imejificha Wapi?



Muhogo mzuri ukishushwa sokoni Walthamstow siku ya Jumamosi, habari huwafikia jamaa zetu wa Leyton kabla ya adhuhuri. Hatungoji tangazo, twaambiana. Mwezi huu twauliza: mbona habari za elimu ya bure hazisafiri hivyo?

Mama mmoja wa jumuiya yetu alilipia mafunzo ya hesabu kila juma, apate kumsaidia mwanawe na kuomba kazi iliyo bora. Ili kuipata ada, alipunguza fedha anazompelekea mamaye kule Tanga. Miezi ilipita kabla hajajua kwamba Open University, chuo kikuu cha hapa Uingereza, kilifungua mwaka 2006 mtandao uitwao OpenLearn, wenye masomo ya hesabu na Kiingereza yasiyo na ada. “Hakuna aliyeniambia,” alisema. Nasi tuliokuwa tukijua tuliinamisha vichwa.

Tatizo si uhaba. Atafutaye katika intaneti hukutana kwanza na matangazo ya wauzaji. Jina “nyenzo huria za elimu”, lililotokana na mkutano wa UNESCO wa mwaka 2002, halimjii mzazi akilini. Tena tumelelewa tukiambiwa kuwa rahisi ni ghali, basi cha bure twakitilia shaka.

Lakini huria ni zaidi ya bure. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Ruhusa imekwisha kutolewa ya kuzichapa, kuzirudufu na hata kuzitafsiri, mradi mtunzi atajwe. Mzazi aweza kumtolea mwanawe nakala kama tunavyolitolea nakala gazeti hili.

Kwa hiyo twatoa ombi moja. Ajuaye asiishie kutaja jina la mtandao tu; jina husahaulika njiani. Akae na mwenziwe, nyumbani au penye kompyuta za maktaba yetu ya High Street, walifungue pamoja somo la kwanza. Na ukurasa uliojiita wa bure ukidai namba ya kadi ya benki, wasite, waulize kwanza.

Wahenga walinena, penye miti hapana wajenzi. Miti tunayo, ndugu zetu. Tuonyeshane njia ya msituni.

Hadi mwezi ujao, wasalaam.