Mtoto akichomwa na kibanzi, usikimbilie sindano

Mpwa wangu wa miaka minne alikaa na kibanzi kidoleni siku tatu bila kumwambia mtu. Kilimwingia alipokuwa akicheza kwenye benchi la mbao uani. Dada yangu aligundua akimwogesha, kidole kimeshavimba na kinatunga usaha. Alipomuuliza kwa nini hakusema, mtoto alijibu: "Ungenichoma na sindano."

Hakukosea. Wengi wetu tumekulia hivyo: mmoja anakushika mkono, mwingine mguu, jirani anamulika, na pini inachimba mpaka damu itoke. Mtoto akishapitia hilo mara moja, siku nyingine ataficha. Na kibanzi cha mti kikikaa ndani muda mrefu ndipo kidonda kinapoingia vijidudu.

Kwa hiyo mzazi, anza na mtoto kabla ya kibanzi. Mpakate penye mwanga wa kutosha, mwambie ukweli kwamba itauma kidogo, na akisema "subiri," subiri kweli.

Nawa mikono kwa sabuni, kisha osha sehemu iliyochomwa na uikaushe. Usiiloweke kwenye maji kwa muda mrefu, kwa sababu mti ukilowa huvimba na kukatikia ndani. Kama ncha inaonekana, sindano haina kazi hapo. Chukua kile kibano kidogo cha kung'olea nyusi, kipanguse kwa spiriti, shika ncha karibu na ngozi na uvute taratibu kufuata njia ileile kilikoingilia. Usikamue. Ukikamua, unaweza kukivunja vipande.

Kama kimejificha chini tu ya ngozi na unakiona, sindano iliyopanguswa kwa spiriti inaweza kufungua ngozi ya juu kidogo, ncha ijitokeze, kisha urudi kwenye kibano. Kufungua, si kuchimba! Ukijaribu dakika chache kikagoma, acha. Kile kidogo sana cha juujuu kisichouma mara nyingi hutoka chenyewe.

Baada ya hapo osha tena, ukaushe. Mafuta ya taa, dawa ya meno na majivu havina nafasi kwenye kidonda.

Usijaribu nyumbani kama kiko jichoni au karibu na jicho, kimeingia chini ya ukucha, kimezama sana, au ni kipande cha kioo kilichoingia ndani. Nenda pia kituo cha afya ukiona wekundu unaosambaa, uvimbe, usaha au homa, hata kama kibanzi kilishatoka.

Halafu tafuta kadi ya kliniki. Pepopunda inaweza kuingia hata kwa tundu dogo la mwiba. Kinga yake imo kwenye chanjo ya Penta, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama alikosa dozi yoyote, mwambie muuguzi siku hiyohiyo.

Mpwa wangu alitolewa kibanzi chake zahanati, akapewa dawa, kidole kikapona. Wiki mbili baadaye alinifuata jikoni akichechemea, akaketi chini na kuninyooshea mguu wenye mwiba wa mchongoma.

"Mama mdogo, leta kile kibano," akasema. "Lakini nikisema subiri, usubiri."