Mwaka Kogwa: Nani Sasa Mwenye Mila?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Amma ba'd.

Ndugu Waislamu, msimu wa kuuza pamba ulipokuwa ukielekea mwisho, kijana mmoja niliyemsomesha hapa Mwamapalala alirejea likizo kutoka Unguja. Kazi yake huko ni kubeba mitungi ya hewa na kuipakia kwenye boti, ili wageni wazamie kutazama matumbawe ya Mnemba, kisiwa ambacho chenyewe kimekodishwa kwa hoteli moja. Baada ya swala ya Alasiri alitoa simu barazani mwa msikiti akatuonesha sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, ya Julai: wanaume wa pande mbili za mji wakipigana kwa migomba, wanawake waliojipamba wakipita wakiimba, na kibanda cha makuti kikiteketea huku mtu akichomoka ndani yake. Wageni wenye kamera wamezunguka. Wazee wetu wawili wakagawanyika papo hapo. Mmoja akasema hao wamekwisha kufuru. Wa pili akasema ni mchezo tu, tuwaachie watu mila zao.

Wote wawili wamekosea, na kosa la wa kwanza si dogo kuliko la wa pili. Kumtoa Muislamu katika dini kwa picha ya simu si jambo la barazani.

Mwaka ule ni Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365, uliogawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za kukamilishia. Kalenda yetu ya Hijria hufuata mwezi. Haimwambii mkulima lini apande wala nahodha lini kusi itavuma. Kwa hiyo watu wa pwani waliihesabu miongo kwa ajili ya shamba na jahazi. Hiyo ni elimu. Kuoga baharini, kupika, kumkaribisha mgeni, kumaliza kinyongo cha mwaka mzima, hayo ni ada, na asili ya ada ni ruhusa mpaka ije dalili ya kuzuia. Kibanda ni jambo jingine. Huaminiwa kuwa kukichoma kunawakinga watu wasife kwa moto mwaka ule, na moshi unakoelekea husomwa kuwa ni habari ya bahati ya mji. Huo ni utabiri, na kinga hiyo haikutoka kwa Allah (SW) wala kwa Mtume Wake. Tena Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaeleza kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora, nazo ni Idi mbili. Wafafanuzi wa hadithi wametaja kuwa siku zile zilikuwa Nairuzi na Mahrajani. Nairuzi hiyo hiyo! Asemaye "ni mchezo tu" na ajibu hapa.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni wale wageni wenye kamera. Mila ikiwa mikononi mwa wenyewe husahihishika: mzee hufariki, kijana husoma, mwalimu hunasihi, jambo likaachwa bila kelele. Husimuliwa kuwa zamani walipigana kwa fimbo. Leo ni migomba, na hakuna aliyelalamika. Sasa tuseme wazee wa Makunduchi wakutane, waamue kibanda kisichomwe tena, ibaki karamu na kuoga. Wataweza? Sherehe imo katika vitabu vya kuwaongoza watalii, na viongozi huhudhuria. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita, ilhali watu wake wote, kwa sensa ya 2022, hawafiki milioni 1.9. Na mgeni hakusafiri kuja kutazama watu wakioga. Amekuja kuona moto. Mteja huyu anailinda bid'a kuliko mzee aliyeirithi.

Jirani na hapo, Kizimkazi Dimbani, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Wageni humiminika Kizimkazi kuwafuata pomboo. Je, ni wangapi katika vijana tunaowasomesha Kiarabu wangeweza kumsomea mgeni yale maandishi? Mimi mwenyewe hati ile ilinitoa jasho nilipokuwa masomoni.

Wala sisi wa Usukumani tusijione tumesalimika. Bulabo ya Bujora, ngoma za nyoka na fisi, nayo imeshika njia hiyo hiyo ya kutazamwa.

Wazee walipokwisha kubishana nilimuuliza kijana jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: Ijumaa unaswali wapi? Akainamisha kichwa. Boti yao huondoka asubuhi na kurejea Adhuhuri imepita; katika miezi minane ameswali Ijumaa mara mbili. Baraza zima likanyamaza. Mwaka Kogwa humpitia mara moja kwa mwaka, na kwa ajili yake tulikuwa tayari kugombana hadi Magharibi. Ijumaa zaidi ya thelathini zimempita, na sisi tuliomfundisha hatukuwa na habari. Nimemwandikia barua ampelekee msimamizi wake, kuomba abadilishiwe zamu siku hiyo. Mwenye mtoto Nungwi, Kendwa au Matemwe na anifuate baada ya Isha, nitamwandikia na yeye.

Wabillahi tawfiq.