AJALI HAINA KINGA? MIMI NAPINGA!

Msemo "ajali haina kinga" tumeuzoea mno. Nyumba ikianguka tunautamka, tunazika, kisha basi. Mimi napinga. Tetemeko la ardhi halizuiliki, nakubali. Lakini aliye katikati ya uwanja wa mpira haliwezi kumfanya kitu. Kinachoua ni ukuta, na ukuta hujengwa na mtu.

Najua wapo watakaocheka: "Shinyalu na tetemeko wapi na wapi?" Wacha niwakumbushe. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia katika Bonde la Ufa, nchi yetu hii hii. Maghorofa hayakuwako huko wakati huo. Tarehe 10 Septemba 2016 jingine, la kipimo cha 5.9, likapiga Bukoba, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Lilikuwa dogo kuliko la Subukia, lakini liliua watu zaidi ya 15. Shule mbili za sekondari, Ihungo na Nyakato, ziliharibika vibaya. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Je, ingekuwa Jumatatu saa nne asubuhi, madarasa yamejaa?

Nyumba nyingi zilizoanguka kule zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa konkriti na vyuma wa kuzifunga kuta zote nne pamoja. Ardhi ikiyumba, kila ukuta hushika njia yake. Sasa tembea kutoka soko la Shinyalu hadi Khayega uangalie. Kwani zetu zina tofauti gani? Ajabu ni kwamba ile nyumba ya fito na udongo tunayoidharau huyumba pamoja na ardhi, wala haiporomoki upesi. Sisemi turudi huko. Nasema matofali bila mkanda ni fahari yenye hatari.

Mjini mambo ni mazito zaidi. Tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Hapakuwa na tetemeko, ilikuwa mvua tu! Na hapa jirani, Shule ya Msingi ya Kakamega, wanafunzi wasiopungua 13 walikufa Februari 2020 wakikanyagana ngazini. Ardhi haikutikisika hata kidogo. Itakuwaje ikitikisika?

Basi tufanye nini? Kwanza, tuikague shule yetu wenyewe, darasa kwa darasa na bweni kwa bweni, tukiwa na mwalimu na fundi. Tuandike penye ufa unaoanzia pembe ya dirisha, penye mlango unaofungukia ndani, na penye kabati zito lisilofungwa ukutani. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 wataka milango ifungukie nje, na madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma vya kuzuia watu kutoka. Orodha hiyo tumkabidhi mwalimu mkuu kwa heshima.

Pili, tufanye mazoezi kila muhula. Ardhi ikitetemeka, usikimbilie ngazi. Ingia chini ya dawati, kinga kichwa, shika mguu wa dawati. Ikitulia, tokeni kwa mstari bila kusukumana.

Tatu, tuwaambie wazazi wetu wanaojenga. Fundi atasema mkanda ni gharama, na kweli simiti na vyuma si bei rahisi. Lakini mzee wa kununua mabati ya rangi hakosi pesa ya mkanda. Anachokosa ni mtu wa kumwambia. Mtu huyo awe wewe.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: na huenda usiwepo wa kuujenga. Kalamu na daftari tunavyo. Tuanze na bweni letu muhula huu.